Bobini Isiyo na Godoro

Aliyenisimulia haya ni Mama Bobini mwenyewe, mwaka juzi, mvua za mwisho zikiishia ishia. Tulikuwa benchi moja kwa daktari wa meno, yeye shavu la kulia limevimba, mimi la kushoto. Alisema ukiwa na jino bovu mdomoni na neno bovu kifuani, afadhali ung'oe vyote siku moja. Basi nayaandika kama alivyoyatoa, ila pale alipotamka kwa upande mmoja wa mdomo nimemnyooshea.

Zamani Mama Bobini alikuwa fundi cherehani. Macho yalipoanza kugombana na tundu la sindano, akahamia kwenye rili za kuvulia, vile vigurudumu vya mkono vinavyofungwa kwenye fimbo ili kuzungushia mshipi. Watu walicheka, wakasema mwanamke na rili wapi na wapi. Akawajibu kuwa uzi ni uzi, na bobini ni bobini, iwe ya cherehani au ya samaki. Jina likamganda hapo. Kibanda chake kilikuwa chini ya bwawa la umeme, hatua kama mia tatu kutoka mtoni, na kila mvuvi wa fimbo pale alikuwa amejaziwa rili na mikono yake.

Mishipi aliyouza ilikuwa ya aina mbili. Kuna wa nailoni, mnene, unaonyumbuka kidogo ukivutwa, ambao humsamehe hata mtu mwenye mkono mzito. Na kuna wa kusuka, mwembamba kama unywele, unaoruka mbali sana, lakini hausamehe mtu. Ukiupitisha kidoleni kwa pupa unakata kama wembe. Tena una tabia yake nyingine. Ukiufunga moja kwa moja kwenye bati la bobini, kwa macho utauona umekaa vizuri, lakini ukivutwa kwa nguvu, fungu zima linateleza na kuzunguka juu ya bati kama bangili kubwa kwenye mkono mwembamba. Ndiyo maana Mama Bobini alianza kila mara na mizunguko ishirini ya nailoni, kisha juu yake ndipo akaweka wa kusuka. Ile nailoni ya chini aliiita godoro. "Hata mshipi haulali sakafuni," ndivyo alivyowaambia wateja.

Alikuwa na mkwe, mume wa binti yake wa pekee. Kazi yake kinyozi, mtu wa mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ijumaa moja jioni akaingia kibandani na rili mpya.

"Shikamoo mama. Nijazie wa kusuka, ule mwembamba kabisa."

"Marahaba. Wa kusuka wa nini, baba? Wewe unavulia kwenye mawe. Chukua nailoni, jiwe likiigusa inavumilia."

"Nailoni haifiki kwenye kina. Nimechoka kuvua vidagaa vya ukingoni kama mtoto wa chekechea."

"Kufika ni jambo moja, kurudi ni jambo lingine."

"Mama," kinyozi akasema, akawageukia wateja wawili waliokuwa wameegemea dirisha, "mimi mtu akikaa kwenye kiti changu simchagulii mtindo. Akitaka upara, namnyoa upara. Nani atanyoa kichwa cha mwenzake kwa matakwa ya kinyozi?"

Wateja wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama Bobini hakucheka.

"Na tafadhali, harakisha kidogo, nimeacha watu wanasubiri."

Kibunda cha nailoni kilikuwa mezani, karibu na mkono wake wa kushoto. Akafunga wa kusuka moja kwa moja kwenye bati. Akazungusha, akazungusha, mpaka mshipi ukafika ukingoni kabisa ukataka kumwagika, ilhali yeye ndiye anayewafundisha watu waache nafasi ya unene wa njiti ya kiberiti. Akakata, akamsukumia.

"Haya, upara wako huo."

Jumapili saa nne asubuhi king'ora cha bwawa kikalia mara tatu. Hiyo ni kawaida. Kikilia, wavuvi wote hutoka kwenye mawe, kwa sababu baada ya nusu saa milango hufunguliwa na mto hupanda. Mama Bobini alikuwa anapaka mafuta rili ya mtu. Hakuinua hata kichwa. Aliinua kichwa baadaye, aliposikia kandambili moja tu ikipiga chini, pa, pa, na mguu mwingine hausikiki. Binti yake akaingia, kandambili ya pili imebaki njiani.

"Mama, yuko kwenye jiwe!"

"Nani?"

"Mume wangu! Milango imefunguliwa na hajatoka. Alinasa samaki mkubwa, kila akizungusha rili inakataa. Akasema dakika moja, dakika moja. Samaki amekata akaenda zake, na maji yameshamzunguka. Anasema nikuulize wewe, breki ya rili imekufa."

Mama Bobini akaiweka chini rili ya mtu. Hakuuliza swali la pili. Alijua kuwa breki ile haina ugonjwa wowote.

Pale ukingoni palikuwa na watu kama kumi. Kati yao na jiwe zilikuwa hatua arobaini za maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanayokimbia na kubeba matawi. Asubuhi mtu angevuka hapo kwa kurukaruka juu ya mawe bila kulowesha suruali. Jiwe lenyewe lilikuwa na upana wa vitanda viwili. Sasa kilibaki kitanda kimoja, na kinyozi amesimama katikati, maji yanamgusa viatu. Kila siku milango ikifunguliwa, jiwe lile hufunikwa kimo cha mtu mzima.

Mbele ya wote alisimama dereva wa lori la mchanga, jitu la mtu ambaye kila mmoja alimwita Tipa. Mkononi alikuwa na kamba ya kuanikia nguo, na nyuma yake, imefungwa kwenye lori, kamba nene ya kuvutia magari.

"Tumepiga simu bwawani," Tipa akasema. "Wameanza kufunga, lakini maji yaliyokwisha toka hayarudi, yatapanda bado nusu saa. Boti iko upande wa pili wa bwawa, hiyo ni saa nzima. Kamba nimeirusha mara sita, haifiki hata nusu. Ana fimbo yake, ana risasi, si aturushie mshipi? Tuufunge hii kamba nyembamba avute, na nyembamba ivute nene. Lakini amerusha mara mbili, mara zote maji yamebeba, na akizungusha mshipi haurudi. Risasi mbili zimepotelea chini ya mawe. Imebaki moja."

Risasi wavuvi huiita chubwi, ndiyo inayoupa mshipi uzito wa kuruka. Imebaki chubwi moja.

Binti akampa mama yake simu. Sauti ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anasikia. Kule kwenye jiwe kinyozi alikuwa na yake ndani ya mfuko wa plastiki, inaning'inia shingoni.

"Baba, ni mimi."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Salamu tutamalizia nyumbani. Niambie, ukizungusha mkono wa rili, je, bobini yenyewe inateleza, au mshipi ndio unaozunguka juu ya bobini?"

Maji yakanguruma ndani ya simu na nje ya simu.

"Bobini imetulia," kinyozi akasema. "Mshipi ndio unaozunguka. Wote kwa pamoja, kama bangili. Rili hii wameniuzia takataka, mama. Naitupa. Navua shati niogelee."

Na kweli, vifungo viwili vya juu vilikuwa vimeshafunguliwa.

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa kuponyokea. Mama Bobini angeweza kusema, ndiyo mwanangu, rili mbovu, wenye kiwanda wamekuibia. Watu kumi wangeamini, na kinyozi wa kumi na moja. Lakini rili ikiwa mbovu, hakuna la kufanya ila kuogelea, na katika maji yale hata samaki walikuwa wanashika mawe. Rili ikiwa nzima na fundi ndiye mbovu, basi fundi anaweza kutengeneza. Alimtazama binti yake, akaona macho yamekwama usoni pake yanangoja neno.

"Usivue shati!" akasema kwa sauti aliyokuwa hajaitumia tangu ujana. "Rili ni nzima. Aliyeharibu ni mimi. Ijumaa sikukuwekea godoro."

Watu wakageuka. Kwenye simu ikasikika pumzi ndefu.

"Kumbe ulininyoa kweli," kinyozi akasema.

Mtu mmoja nyuma akataka kucheka, Tipa akamkata jicho.

"Aibu hiyo nitailipa baadaye," Mama Bobini akasema. "Sasa nipe mikono yako. Nitakachokwambia fanya hicho hicho, bila kuongeza wala kupunguza. Chubwi umeifunga?"

"Nimeifunga."

"Ifungue, iweke mfukoni. Mshipi ubaki uchi, bila fundo wala ndoana. Sasa fungua ule upinde wa waya wa rili unaouzuia mshipi usitoke, uache mto uuchukue."

"Kiasi gani?"

"Wote. Mpaka uone bati."

"Mama!" Tipa akaruka. "Mtu ana mshipi mmoja duniani, unamwambia aupe mto?"

"Upo ovyo pale kwenye bobini. Umelegea, umelala mikunjo juu ya mikunjo. Akiurusha hivyo utatoka fungu zima kwa pamoja, na hiyo chubwi ya mwisho itakatika njiani."

"Basi arudishe kwa mkono aukaze!"

"Utakazaje kitu kinachoteleza?"

"Maji yanampanda mguu na wewe unafundisha ushonaji!"

"Wee mwanangu, wewe ukipakia mchanga mimi nakushikia koleo? Nyamaza."

Tipa akabaki akihamisha uzito mguu hadi mguu kama farasi.

Mshipi ukaenda. Kutoka ukingoni haukuonekana. Kilichoonekana ni kinyozi ameinamisha fimbo kuelekea chini ya mto, na vidole vyake viko juu ya bobini. Maji yalipita kifundo cha mguu. Binti alianza kuhesabu kitu kwa midomo, labda dua, labda dakika.

"Naona bati," kinyozi akasema.

"Usishike kwa mkono, utakukata mpaka mfupa! Uviringe kwenye mpini wa fimbo mara tano. Umeviringa?"

"Tayari."

"Mvuto sasa unashikwa na mpini. Fungua kifuniko cha breki kwa mbele, toa bobini, ulegeze kile kitanzi cha mshipi ukivue. Kwenye kopo lako la ndoana una nini?"

"Ndoana. Kisu. Plasta." Akasita. "Mke wangu huniwekea plasta mbili, kwa sababu ya vidole."

Binti akaanza kulia hapo, si kabla.

"Bandua moja. Kausha bati kwa ndani ya kofia yako, ulikaushe kama kichwa cha mteja anayelipa vizuri. Kisha zungushia plasta. Hilo ndilo godoro lako."

Wakamwona amechuchumaa, maji yanamgusa makalio, kofia mkononi. Halafu wakamwona anajitupa mbele, mguu mmoja umepiga jiwe. Simu ikatoa kishindo.

"Nini? Nini?" binti akapiga kelele.

"Kifuniko cha breki," sauti ikasema, inahema. "Kimeniponyoka. Kiko chini ya kiatu changu."

"Usiinue kiatu," Mama Bobini akasema taratibu, kama anamwambia mtoto aliyeshika glasi. "Pitisha vidole kwa upande maji yanapotoka, si yanapokwenda. Taratibu. Usikifuate kwa macho, kifuate kwa kidole."

Jani moja kubwa likapita mbele ya jiwe, likazunguka, likaenda.

"Ninacho."

"Haya. Funga mshipi juu ya plasta, fundo mara mbili. Rudisha bobini, kaza. Upinde wa waya umeufunga mshipi ndani? Angalia kwanza."

"Mshipi uko ndani."

"Sasa ufungue kwenye mpini, zungusha."

Kinyozi akazungusha. Wote wakaona ncha ya fimbo inainama, na safari hii haikuinuka.

"Inashika," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mama, inashika!"

"Ubane mshipi katikati ya vidole kwa pindo la shati lililolowa. Mto unauvuta, wewe unauzungusha. Huo mvuto ndio unaoukaza. Usikimbilie."

Maji yalikuwa magotini. Kuzungusha mita mia moja si mchezo hata ukiwa umekaa kwenye kiti. Mara mbili Tipa alisema arushe sasa, umetosha, na mara mbili Mama Bobini akasema bado. Binti akamshika mkono wa blauzi.

"Mama, mwache arushe."

"Bado."

"Mama!"

"Ukiwa nusu hautatoka vizuri, ukijaa sana utamwagika. Baba, umefika wapi?"

"Ukingoni imebaki kama njiti ya kiberiti."

"Simama hapo hapo. Funga chubwi. Usitulenge sisi, unasikia? Mara mbili ulitulenga sisi na mto ukabeba. Lenga upande wa juu wa mto, pale kwenye mti uliolala ukingoni. Tipa, kimbia kwenye mti."

Tipa alikuwa ameshafika.

Kinyozi alisimama, mguu mmoja umetangulia, maji yanamsukuma mapajani. Akapeleka fimbo nyuma. Mama Bobini hakutazama fimbo, alitazama bobini, ingawa kwa umbali ule na macho yale hakuweza kuona kitu. Aliisikia tu kwenye simu, sauti ya mshipi ukitoka mzunguko baada ya mzunguko, *ssss*, bila kukwama, kama cherehani iliyotiwa mafuta jana.

Chubwi ikapita juu ya mti, ikaanguka kwenye matope. Tipa akaiangukia kwa tumbo kama golikipa.

Mengine yalikwenda kwa nguvu, hayakuhitaji fundi. Mshipi ukafungwa kwenye kamba ya kuanikia, kinyozi akavuta, kamba nyembamba ikaleta kamba nene, akaifunga chini ya makwapa. Wanaume saba wakashika, lori likawa nguzo. Alizama mara mbili. Mara ya pili alikaa chini muda ambao Mama Bobini, aliponisimulia, alishindwa kuupima, akaguna tu na kushika shavu. Walipomtoa, midomo ilikuwa ya kijivu, na fimbo bado iko mkononi. Tipa ndiye aliyemtoa vidole mpinini, kimoja kimoja.

Saa nane mchana walikuwa nyumbani kwa binti, vyumba viwili, pazia katikati. Kinyozi amelazwa, blanketi mbili juu yake na koti la Tipa juu ya blanketi. Mama Bobini alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Binti alikuwa anakamua nguo zilizolowa, anazikamua tena hata zilipoacha kutoa maji.

"Ulisahau, mama?" akauliza bila kugeuka.

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa limeshaandaliwa. Mtu mzima, macho mabaya, Ijumaa wateja wengi. Nani asingemwelewa?

"Sikusahau."

Maji yakadondoka kwenye beseni.

"Nailoni niliishika mkononi, nikairudisha mezani. Sikutaka adhurike, mwanangu. Nilitaka samaki mmoja tu amponyoke, aje aniambie mbele ya wale waliocheka, mama ulisema kweli. Ni hilo tu. Samaki mmoja."

Binti akatundika shati. Akalinyoosha kola, akalinyoosha tena.

"Utamwambia mwenyewe akiamka."

"Nimeamka," kinyozi akasema kutoka ndani ya blanketi.

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati, akaacha, akaanza tena.

"Mama," kinyozi akasema hatimaye, macho bado yamefungwa. "Ile rili iko hapo karibu na viatu. Itoe uijaze upya."

"Nijaze nini?" Mama Bobini akauliza. Kwa mteja huyu, ilikuwa mara ya kwanza anauliza kabla ya kushauri.

"Wa kusuka."

Neno likamfika kwenye ulimi, akalimeza. "Wa kusuka, sawa."

"Na godoro."

"Na godoro, baba."

Kinyozi akageukia ukutani. Haikupita muda akaanza kukoroma, mkoromo mzito wa mtu aliyekunywa mto. Binti alipita mbele ya mama yake bila kumwangalia, akavuta pazia, kitanda kikalia. Mama Bobini alisubiri neno kutoka nyuma ya pazia, hata la lawama. Halikuja. Baada ya kitambo zikaja pumzi mbili zinazopishana, moja nzito, moja nyepesi.

Akaenda kibandani, akarudi na kibunda cha nailoni na kingine cha wa kusuka kwenye mfuko wa gauni. Akatoa bobini, akaondoa mshipi uliobaki, akabandua plasta iliyolowa, akaiweka kwenye kopo la ndoana badala ya kuitupa. Akazungusha nailoni akihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Akaongeza tano. Juu yake akaweka wa kusuka, akiubana kwa kitambaa kilicholowa, hakukimbilia, mpaka ikabaki nafasi ya unene wa njiti ya kiberiti. Akauvuta kwa nguvu zake zote kujaribu. Haukuteleza.

Akaiweka rili sakafuni, mahali mtu akishuka kitandani ataiona. Akaegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango apumzishe macho kidogo, mikono bado imejikunja kama imeshika uzi, na hapo hapo usingizi ukamchukua.